Mizani Kumi na Saba

Baba alimwandikia mama shairi la msiba wakati mama yu hai, anakunywa uji, anauliza kama ng'ombe wamekatiwa majani. Aliliandika kwa wino mweusi, beti nane, akalitia kwenye bahasha ya kaki, akashuka nalo kutoka Uru mpaka Rau, kwenye steshenari yangu, akaniambia nimchapie.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, natoa nakala za vyeti vya mteja. Nilimwamkia, akaitikia huku macho yake yanakagua meza, kompyuta, vumbi la dirishani. Nikafungua bahasha. Nilipoona maneno "marehemu mke wangu" juu ya karatasi, niliiacha mashine ikiendelea kutoa nakala. Nilidhani mama amefariki na baba ameona aniletee habari kwa maandishi.

"Mama amekufa?"

"Nani kasema? Nimemwacha anakunywa mtori."

"Sasa hii ni nini?"

"Marthiya haiandikwi kwa pupa. Kaburi likishachimbwa hakuna atakayekupa muda wa kupima mizani. Chapa."

Nikachapa. Hilo naliweka wazi mapema, kwa sababu nikisimulia mambo ya baba huwa najisogeza pembeni, najifanya shahidi tu.

Baba hakuwa mtu wa mlimani. Alitoka upande wa Tanga, akaja kufundisha Kiswahili kwenye shule ya sekondari huku juu, akamwoa mama, binti wa mkulima wa kahawa na ndizi. Kwetu shamba la nyumbani, kihamba, hurithiwa na watoto wa kiume. Baba hakuwa na kihamba. Babu, baba yake mama, alimkatia kipande chembamba chini ya mfongo, ule mfereji unaoleta maji kutoka juu mlimani, na hapo ndipo alipojenga. Wanaume waliokutana kunywa mbege, pombe ya ndizi, walimwita mwalimu wa kwa mkewe. Walisema kwa kucheka, na kwa Kichagga, wakidhani hasikii. Hilo alilisikia. Kichagga kilichobaki alikataa kukijua kwa miaka zaidi ya thelathini.

Alichokuwa nacho yeye, ambacho wale hawakuwa nacho, ni Kiswahili cha kwao na ushairi wa vina na mizani. Alikuwa na daftari nene lenye jalada gumu, ameligawa sehemu nne kwa karatasi za rangi: Imani, Maumbile, Mapenzi, Mauti. Alisema mambo mengine yote ya binadamu ni matawi ya hayo manne, na asiyeweza kuyasema kwa mizani nane kwa nane hana haja ya kuyasema.

Mimi ni mtoto wake wa pekee. Kabla sijaanza shule alikuwa ameshanifundisha kuhesabu mizani kwa vidole, vinne mkono huu na vinne mkono huu. Vidole gumba vilikaa nje. "Hivyo ni vya kushikia kalamu," alisema. Alinitamkia kipande cha mshororo, nami nikikunja kidole kwa kila silabi. Nikimaliza na kidole kimebaki wima, au silabi imebaki bila kidole, alichukua kijiti cha mbuni, mti wa kahawa. Fimbo moja kwa mizani iliyopungua, moja kwa iliyozidi. Alichapa ncha za vidole vilevile. Nilikwenda darasa la kwanza nikiwa siwezi kushika penseli sawasawa, mwalimu wa kike akaniuliza kama nimeungua jikoni, nikasema ndiyo.

Lakini kuna Jumapili tulizokuwa tukienda kanisani tukifuata mfongo, mimi na yeye mbele, mama nyuma na viatu vyake mkononi ili visipate tope. Mlima ukiwa umefunguka, baba alisimama, akautazama, akaanza kuutungia shairi papo hapo, kwa sauti, mshororo baada ya mshororo, vina vinaanguka mahali pake bila kutafutwa. Kifua changu kilijaa. Sikujua baba wa mtoto mwingine yeyote aliyeweza kufanya hivyo. Nilimpenda sana pale, na nilikuwa namwogopa palepale, na sikuona kwamba ni vitu viwili.

Mama hakupigwa. Mama alirekebishwa. Kiswahili chake kilikuwa cha huku kwetu. Dh kwake ilikuwa z. Siku moja walikuja wageni, katekista na walimu wawili, wamekaa sebuleni. Mama alileta bakuli la mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, akainamisha kichwa kusali kabla ya chakula, akamwomba Mungu atusamehe zambi zetu. Baba akafumbua macho katikati ya sala.

"Dhambi," alisema.

"Zambi," mama akasema.

"Ulimi kati ya meno. Dhambi."

"Zambi."

"Tena. Wageni watasubiri. Dhambi."

Alimrudisha mara nyingi, mtori unapoa, katekista anatazama mikono yake. Mwalimu mmoja alicheka kidogo akajifanya anakohoa. Mama alijaribu kila mara, kwa bidii, ulimi wake unatokeza kati ya meno, mate yanamtoka. Mwishoni baba alimalizia sala mwenyewe, kwa beti. Mama akachota mtori akawapa wageni, akaenda jikoni, na mimi nikamfuata. Alikuwa amesimama anamenya ndizi, ambazo hazikuhitajika kwa mlo huo. Nilikuwa na miaka tisa. Nikamwambia, "Mama, ni rahisi tu. Dhambi." Aliniangalia, akaendelea kumenya.

Ugonjwa ulimkamata mama kooni, uzeeni. Kwanza nyama ilimkwama, halafu ndizi, halafu hata ugali laini. Hospitali ya mjini walimchunguza, wakatueleza kwa upole kwamba umefika mbali, wakaturuhusu kurudi nyumbani na dawa za maumivu. Alibaki na maji, uji na mtori uliochujwa. Nilimwachia msichana wangu wa kazi duka siku nyingi, nikawa napanda Uru kumwogesha. Alikuwa mwepesi. Alikuwa akiomba radhi kila nikimgeuza.

Basi baba ndipo akaja na ile bahasha.

Nilipokuwa nachapa, vidole vyangu vilihesabu vyenyewe, ni kitu nisichoweza kuacha. Katika ubeti wa pili nilikuta "Theluji inalia". Nikarudia. Saba. Baba, katika maisha yake yote, sikuwahi kumkuta na kosa. Niligeuka nikamwambia, na moyo ulinienda mbio kama mtoto.

"Hapa pamepungua moja. Tungesema 'Theluji nayo yalia'."

Alichukua karatasi, akakunja vidole polepole, uzee ulikuwa umeanza kuvikaza.

"Sasa umekuwa mwanangu," alisema.

Nilifurahi. Mama yangu alikuwa kitandani anaoza koo, na mimi nilifurahi kiasi kwamba nilifunga duka mapema nikampeleka baba kula nyama mjini.

Kesho yake, Jumapili, nilipanda na karatasi iliyochapwa. Baba alitaka kulisikia kwa sauti ya mtu mwingine, apime mapigo. Tulikaa barazani. Akaniambia nisome, nikamwonyesha dirisha la chumba cha mama, lilikuwa wazi. "Amelala," alisema. "Na hata kama hajalala, atalielewa wapi?" Nikasoma. Nilishusha sauti mwanzoni, lakini shairi lililotungwa vizuri halikubali kunong'onwa, nikajikuta nalipandisha. Lilikuwa zuri. Kabla sijafika nusu, mama akaniita.

Alikuwa ameketi, mgongo ukutani.

"Lete hiyo karatasi," alisema. "Soma hapa."

"Mama, ni mambo ya baba tu."

"Najua ni ya nani. Soma nisikie nitakavyoliliwa."

Nilisoma nimesimama. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa Mungu, wa pili wa mlima. Alisikiliza kwa macho yaliyofumba. Nilipofika wa tatu, wa mapenzi, akayafumbua.

*Mwanya wako uking'aa, giza langu hutoweka,*
*Asumini ikijaa, na moyo hufurahika,*
*Leo imezima taa, na kaburi lafunika,*
*Buriani ua langu, Mola anakupokea.*

"Rudia huo."

Nikarudia. Mama akaingiza kidole kinywani, akakipitisha kwenye meno yake ya mbele, yaliyobanana, meno mazuri ya mtu aliyekua kwenye maji ya mlimani, yenye rangi ya kahawia. Hapakuwa na nafasi ya kupita hata uzi.

Nilikuwa nimeupima ubeti ule mara mbili, tatu. Nilihesabu mizani zote zikatimia. Sikuona kwamba mama hayumo.

Baba alikuwa amefika mlangoni. Mama akamuuliza, bila kupandisha sauti:

"Mwalimu, mimi nina mwanya?"

"Huo ni ushairi."

"Na asumini? Iko wapi huku kwetu?"

"Mshairi hapimwi kwa asumini. Ubeti ule niliutunga zamani, umekamilika, hauna doa. Niliona vibaya uozee daftarini."

"Ulimtungia nani?"

Nadhani baba alikuwa na nafasi pale ya kusema uongo mdogo, na sote tungeushukuru. Lakini baba hakuwa mtu wa kubadilisha neno ili limfae mtu.

"Mtu wa Tanga. Alikufa kabla sijaja huku."

"Na mimi? Mimi hukunitungia?"

"Nikutungie kwa lugha gani?" alisema baba. "Wewe unasema zambi."

Mama alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa, kama aliyepewa jibu la kitu alichokiuliza kwa muda mrefu. Akasema, "Sawa. Huyo umekwisha kumzika." Hilo ndilo neno lake la mwisho la Kiswahili kwa baba.

Kuanzia alasiri ile alimsemesha kwa Kichagga tu. Aliomba uji kwa Kichagga, akaomba ageuzwe kwa Kichagga, akamwambia afunge mlango, baridi inaingia, afungue, kuna joto. Baba alisimama katikati ya chumba asijue kama anaambiwa alete au aondoe. Mara ya kwanza alikasirika. "Sema lugha ya watu!" Mama akarudia palepale, taratibu, akitamka kila neno kwa uangalifu, kama mwalimu mbele ya mwanafunzi mzito. Nilisimama mlangoni nikacheka, na mama aliona nacheka, naye macho yake yakacheka. Sikuwahi kuwa karibu na mama kama wiki zile saba.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Baba alinitafuta uani, bandani kwa ng'ombe, hata chooni alinigongea: njoo, mama yako anasema kitu. Nilienda bila haraka. Wakati mwingine nilimwambia, "Hakuna, anasali tu," na mama alikuwa ameomba kitu ambacho nilikileta mwenyewe baadaye, ili baba asipate hata sifa ya kukileta. Baba alikonda. Aliacha kwenda kukaa na walimu wenzake. Aliketi kwenye kiti karibu na mlango wa chumba kile, daftari lake halijafunguliwa, anasikiliza.

Siku moja kabla ya mama kufa, asubuhi, baada ya padri kumpaka mafuta na kuondoka, mama alimtazama baba aliyekuwa palepale mlangoni. Sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza. Alisema sentensi moja, polepole, na pumzi katikati. Alisema: Nimekuachilia yote, mwalimu. Njoo ukae hapa, unishike mkono.

Nimeiandika kwa Kiswahili kwa sababu ndivyo ninavyoikumbuka. Yeye aliisema kwa lugha yake.

Baba akanigeukia. "Amesemaje?"

Ningeweza kusema kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba sikusikia vizuri. Nilisikia. Nilimwona baba amesimama pale, kola yake imefungwa hadi juu, na nikaona jinsi atakavyovuka chumba na kukaa na kushika mkono, na kila kitu kitakuwa kimekwisha: sala ya wageni, mwanya, fimbo za mbuni, yote kwa sentensi moja ya mtu mgonjwa. Nikaona ni rahisi mno. Sikutaka aipate.

"Anaomba maji," nilisema.

Baba aliondoka haraka, haraka kuliko nilivyomwona akienda siku nyingi. Tulimsikia jikoni anaangusha kikombe.

Mama alikuwa amenisikia. Kiswahili alikijua, cha kusikia alikijua kuliko wengi. Aliniangalia. Alifungua mdomo, nikadhani atasema kwa Kiswahili, atamwita, lakini aliufunga tena. Sijui mtazamo ule ulikuwa wa nini. Nimeshaupa maana nyingi na hakuna iliyokaa.

Baba akarudi na maji kwenye kikombe cha bati. Wakati huo hata mate yalikuwa hayapiti. Tulikuwa tunamlowesha midomo kwa kitambaa. Mama alinyanyua kichwa, akapokea, akanywa mafunda mawili. Yalimuumiza, machozi yalimtoka. Alikunywa kunisitiri mimi. Baba akaweka kikombe, akasubiri, na kwa kuwa hakuambiwa kitu kingine akarudi kwenye kiti chake cha mlangoni.

Akafa kesho yake kabla ya misa ya asubuhi, mimi nikiwa upande mmoja wa kitanda na dada yake, mama mkubwa, upande wa pili.

Mazikoni baba alisimama akasoma shairi lote, na ule ubeti wa tatu. Nilikuwa nimemchapia nakala nyingine bila kutoa kitu. Hakuniomba niutoe, na mimi sikusema. Watu walilia. Lilikuwa zuri, nimeshasema. Wanawake wa ukoo walitazamana kwenye neno mwanya, na mama mkubwa alijifunika kichwa chote kwa khanga na hakukifunua hadi kaburi lilipofukiwa.

Ilipita kama miezi miwili. Baba akashuka Rau, akaketi kwenye kiti cha wateja, akasubiri hadi duka likawa tupu.

"Ile siku mama yako alisema kitu, ukaniambia anaomba maji."

"Ndiyo."

"Maji kwenu ni mringa. Hilo hata mimi nalijua. Sikulisikia."

Nilijifanya natafuta rimu ya karatasi.

"Halafu nilihesabu," alisema. "Alisema mizani kumi na saba. Wewe ulinipa sita."

"Kichagga kina maneno marefu, baba."

"Kumi na saba," alirudia, na akaniinulia vidole vyake, akaanza kuvikunja kimoja kimoja, huku anatamka. Alikuwa ameishika sentensi nzima kwa sikio lake la mshairi, sauti baada ya sauti, bila kujua hata neno moja ndani yake. Aliitamka vibaya. Sauti za kwetu zinazokwama kooni yeye alizilainisha Kitanga, mkazo ukaanguka pasipo pake. Alifika kidole cha nane, akaanza upya, akafika kumi na sita, akabaki na silabi moja isiyo na kidole.

"Inasema nini?"

"Ukiisema hivyo haieleweki," nilimwambia. "Ulimi wako hauko sawa."

Nilimwona amelielewa jibu langu, na limetoka wapi. Hakukasirika. Aliniaga, akavuka barabara.

Tangu hapo nikawa nasikia habari zake. Alikuwa anazunguka vihambani, mzee aliyekuwa hasemi na mtu, anamsimamisha mwanamke anayechuma kahawa, anamwamkia, anamtamkia ile sentensi na kumuuliza maana yake. Watu hawakuielewa. Vijana walimtaka airudie wapate kucheka. Kwenye mbege wale wazee walimfanya aiseme tena na tena, wakamrekebisha kila mmoja kivyake, hadi akapoteza silabi mbili na ikambidi arudi nyumbani akae kimya siku nzima mpaka zikamrudia. Hayo aliniambia mama mkubwa.

Kwa sababu mwishoni alikwenda kwa mama mkubwa. Na yeye alimwelewa. Yeye na mama walikuwa wamelala kitanda kimoja utotoni. Hata ndani ya ulimi wa mtu wa Tanga aliisikia sauti ya mdogo wake. Alimwambia baba kwamba hakuelewa, akangoja aondoke, akafunga mlango akalia, na kesho yake akashuka Rau.

"Yale maneno uliyasikia wewe," alisema.

"Niliyasikia, mama mkubwa."

"Na hukumpa."

"Alimsomea mwanamke mwingine juu ya kaburi la mdogo wako. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Nenda ukampe. Mimi sitampa, kwa sababu si mimi niliyemnyima. Na usiseme umeyaficha kwa ajili ya mdogo wangu. Mdogo wangu alikuwa ameshamaliza."

Nikamwahidi kwamba nitapanda Jumapili.

Jumapili ile kulikuwa na mvua, barabara ya juu inateleza. Ya pili nilikuwa na kazi ya kuchapa mitihani ya shule. Hizo ni sababu, hazikuwa kweli. Kweli ni kwamba nilikuwa nimezoea kuwa na kitu anachokitaka. Maisha yangu yote yeye ndiye aliyejua mizani ngapi zimepungua. Wiki ya tatu baba, akitoka kanisani, aliketi chini njiani kando ya mfongo, akiwa peke yake, na waliomkuta walidhani anapumzika. Madaktari walisema ni presha.

Ndugu za mama hawakumkatalia mahali. Walimzika ndani ya kihamba, kando ya mama.

Siku za kukusanya vitu vyake nilifungua daftari. Sehemu ya Mauti, kurasa za mwisho, mwandiko umeanza kutetemeka. Nilikuta ile sentensi ya mama imeandikwa kwa herufi za Kiswahili, imepigiwa vistari vya kuhesabu juu yake, imeandikwa tena na tena, ukurasa baada ya ukurasa, na marekebisho ya watu. Halafu shairi. Beti sita. Katika kila ubeti mshororo wa nne, ule wa kituo, ulikuwa ni ile sentensi, kwa Kichagga chake kibovu. Mtu aliyekuwa hakubali neno la Kiingereza wala la bara kwenye shairi alikuwa ameiweka hapo mara sita. Na mizani ya kumi na saba aliiacha. Mistari yote mingine ilikuwa nane kwa nane; huo ulizidi moja na hakuukata.

Kila ubeti alikuwa amebahatisha maana yake. Katika wa kwanza mama anamlaani. Katika wa pili anamwita padri. Katika wa tatu anataka azikwe mbali naye. Katika wa nne anamwita mama yake mzazi. Wa tano anasema baridi. Wa sita anamwambia atoke chumbani. Nilitafuta ubeti wa saba na haukuwepo.

Nilikaa sakafuni nikajaribu kuisema ile sentensi jinsi mama alivyoisema. Sikuweza. Maana ilikuwapo yote, lakini maneno yenyewe yalikuwa yamenitoka. Nilipata la kwanza na la mwisho. Ilibidi nisome kwenye daftari lake, silabi kwa silabi, na ndipo nikamsikia mama, pumzi yake ya katikati ikiwa mahali pake, baba alikuwa ameiwekea alama ya mkato.

Wanafunzi wake wa zamani walichanga wakataka mashairi yake yatoke kijitabu, wakanipa kazi hiyo. Nilichapa sehemu zote nne. Lile la mwisho nililiacha. Siku ya kukabidhi, mmoja wao, mwanamume mtu mzima mwenye suti, aliniuliza kama mwalimu hakuwahi kumtungia mkewe shairi jingine baada ya lile la mazikoni, maana lile, alisema, lilimliza sana, hasa ule ubeti wa mwanya.

Nikamwambia hakutunga.